Kujisajili SHA ni Bure, Kulazwa Hospitali ni Hesabu Nyingine

Familia yoyote yenye kipato kidogo nchini Kenya inapaswa kuwa na majibu ya maswali mawili kabla mtu hajaugua. La kwanza, je, kila mmoja nyumbani amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA? La pili, je, mchango wa mwaka umelipwa? Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumewagharimu watu wengi. Kuna waliojisajili wakaketi wakiamini kwamba sasa wana bima, kisha wakaambiwa kwenye dirisha la hospitali, mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwamba hawajalipa chochote. Na kuna waliokataa kabisa kujisajili kwa kuhofia deni ambalo hawataliweza, wakaendelea kulipa hata zahanati ambako serikali tayari imewalipia.

Kundi hili la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hasara yake haina sababu yoyote ila kukosa habari.

Tuanze na jinsi mambo yalivyopangwa. Hadi Septemba 2024 tulikuwa na NHIF, mfuko wa bima ya hospitali ulioanzishwa 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi yake, kwa mujibu wa sheria zilizopitishwa 2023. Chini ya SHA kuna hazina tatu, na kila moja ina mlipaji wake. Ya kwanza ni Hazina ya Afya ya Msingi, inayogharamia huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Fedha zake zinatoka serikalini, mwananchi hachangii. Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, ambayo ndiyo hasa bima: hii inalipiwa na mwananchi, nayo ndiyo inayokushika unapolazwa hospitali za ngazi ya 4, 5 na 6. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu na mahututi. Hii huingia pale SHIF inapofika ukomo wake, au ajali inapotokea, na nayo inategemea fedha za serikali.

Kwa hivyo ukiwa na kitambulisho na simu, ukapiga *147# ukajisajili wewe na wanaokutegemea, huduma za zahanati umeshazipata hata kama huna shilingi moja ya mchango. Hakuna ada ya kujisajili. Yeyote anayekudai pesa ili akuandikishe, awe kijana wa sokoni mwenye simu ya kisasa au mtu anayejiita wakala, anakuibia. Wahudumu wa afya ya jamii wapo vijijini na mitaani, zaidi ya 100,000 kote nchini tangu serikali ilipowapa vifaa vya kazi 2023, na kuandikisha watu ni sehemu ya kazi yao.

Usajili huo unakufaa kwa nini hasa? Tuseme mtoto ana homa. Mzazi asiyesajiliwa ana njia mbili anazozizoea. Aende kwa muuza dawa, aeleze dalili, apewe vidonge bila kipimo, alipe mamia ya shilingi. Au aende kliniki ya mtu binafsi, alipe kumwona daktari, alipe kipimo cha malaria, alipe dawa. Aliyesajiliwa anakwenda zahanati ya serikali, au kituo cha binafsi chenye mkataba na SHA katika ngazi hizo, anathibitishwa kwa kitambulisho au alama za vidole, anaonwa, anapimwa vipimo vya kawaida na kuandikiwa dawa bila kulipa. Chanjo, kliniki ya wajawazito, presha na kisukari vinaanzia hapo hapo. Mtu mwenye presha anayenunua dawa dukani kila mwezi, mwaka ukiisha ametumia fedha ambazo zingetosha kulipa sehemu kubwa ya mchango wa SHIF.

Kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe wazi, kwa kuwa mwananchi ameahidiwa bure na akifika anakuta rafu tupu. Dawa huisha katika zahanati. Inapotokea hivyo unapewa karatasi uende ukanunue, na hapo bure yako inakuwa nusu. Usiondoke kimya. Uliza dawa inatarajiwa lini, uliza kama kituo cha jirani kinayo, na umwambie mhudumu wa afya wa mtaa wenu, maana malalamiko yasiyofika popote hayaleti dawa. Hata hivyo, kumwona mtaalamu na kupimwa bila malipo si kitu kidogo. Kujua kwamba homa ya mtoto si malaria kunakuepusha kununua dawa isiyomsaidia.

Sasa twende kwenye SHIF, penye hesabu nzito.

Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato, kila mwezi, na kiwango cha chini ni shilingi 300. Hana la kufanya ila kuhakikisha mwajiri anawasilisha fedha hizo. Kwa wenye mishahara midogo mabadiliko haya yalikuwa nafuu, ingawa watu hawapendi kusikia hivyo. Anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi alikuwa akikatwa 750 na NHIF. SHA inamkata 550. Uzito umewaangukia walio juu. Anayepata 100,000 alikuwa akilipa 1,700, sasa analipa 2,750, na hakuna kikomo kadiri mshahara unavyopanda. Kama bima ni kusaidiana, sioni ubaya wa mwenye kipato kikubwa kulipa zaidi.

Kwa aliyejiajiri hesabu ni ngumu zaidi. Mama mboga, fundi, mvuvi, mkulima, dereva wa bodaboda: NHIF ilimdai shilingi 500 kila mwezi, kila mtu kiwango kimoja. SHA inamdai asilimia ile ile 2.75, ila ya kipato cha nyumba kinachokadiriwa, isipungue 300 kwa mwezi. Akikadiriwa chini ya takriban shilingi 18,000 kwa mwezi, atalipa pungufu ya zile 500 za zamani. Akikadiriwa zaidi ya hapo, atalipa zaidi. Mpaka hapo ni haki. Tatizo ni kwamba anatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 300 kwa mwezi ni pesa ambayo mtu anaweza kuipata kwa kujibana. Shilingi 3,600 kwa siku moja ni mtaji wa biashara ya mboga, na kumwambia mtu auondoe sokoni akalipie ugonjwa ambao haujafika ni kumwomba jambo zito. Naamini hii ndiyo sababu kubwa ya kwamba, ingawa zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wamejisajili kufikia katikati ya 2025, waliojiajiri na kulipa walikuwa sehemu ndogo tu ya hao.

Makadirio yenyewe hufanywa kwa maswali. Hakuna anayekuja kuhesabu pesa zako. Mfumo unakuuliza jinsi unavyoishi, kisha unakisia. Paa la nyumba ni la makuti, mabati au vigae? Ukuta ni wa udongo au wa mawe? Sakafu ina simiti? Choo ni cha aina gani, na mnakitumia peke yenu au na majirani? Maji mnayatoa wapi? Mnapikia kuni, makaa au gesi? Mko wangapi? Mna mifugo? Majibu yote yanachanganywa, na kiasi kinatokea kwenye simu.

Ndipo malalamiko yanapoanzia. Mjane anayeishi katika nyumba ya mawe aliyojengewa na marehemu mumewe anaweza kuonekana tajiri kuliko kijana mpangaji wa chumba cha mabati anayepata mara tatu yake. Nyumba hudumu, kipato hakidumu. Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: usijibu maswali hayo kwa haraka ukiwa umesimama kwenye foleni, na usimwachie mtoto wa jirani akujibie. Jibu kweli, lakini jibu kuhusu nyumba yako peke yako. Mkiishi boma moja na kaka zako, ng'ombe wa kaka yako si wako, na gesi ya shemeji yako si yako. Kiasi kikitokea kikubwa kupita uwezo wako, usikifunge ukasahau. Nenda ofisi ya SHA katika kaunti yako au Huduma Centre, ueleze hali yako, uombe kutathminiwa upya.

Tuchukue familia ya mfano, pale Kongowea, Mombasa. Baba ana bodaboda, mama anauza sukuma wiki na nyanya, watoto ni watatu. Tuseme wamekadiriwa kiwango cha chini kabisa: watalipa 3,600 kwa mwaka, kama shilingi 10 kwa siku kwa watu watano. Tuseme badala yake mfumo umewakadiria kipato cha 20,000 kwa mwezi: watalipa 6,600 kwa mwaka, kama shilingi 18 kwa siku. Hiyo ndiyo bei. Sasa tuipime na kile inachonunua.

SHA huilipa hospitali kiasi maalumu kwa kila siku mgonjwa anapolazwa: shilingi 3,360 katika hospitali ya ngazi ya 4, 3,920 katika ngazi ya 5, na 4,480 katika ngazi ya 6. Kujifungua kwa kawaida ni 10,000. Kujifungua kwa upasuaji ni 30,000. Kusafisha damu kwa mwenye figo zilizofeli ni 10,650 kila mara anapounganishwa na mashine.

Kwa viwango hivyo, usiku mmoja wa kulazwa hospitali ya ngazi ya 4 unakaribia mchango wote wa mwaka wa familia yetu katika kiwango cha chini. Mtoto akishikwa na nimonia akalazwa siku nne katika hospitali ya rufaa ya ngazi ya 5, hiyo ni 15,680, zaidi ya michango ya miaka minne. Mama akijifungua kwa upasuaji, hiyo ni michango ya miaka minane na ushei; na kama familia iko katika kile kiwango cha 6,600, bado ni miaka minne na nusu. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hufikisha zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa mwaka, na hakuna bodaboda wala genge la mboga litakaloweza kulipa fedha hizo.

Tukumbuke kwamba hayo ni malipo ya SHA kwa hospitali. Asiye na bima hulipa bei ya hospitali yenyewe: huenda ikawa chini kidogo katika hospitali ya kaunti, au ikawa mara kadhaa zaidi katika hospitali ya binafsi. Na mwenye bima naye asidhani kila kitu kimeisha. Hospitali nyingi za binafsi hutoza tofauti juu ya kile SHA inacholipa. Saratani katika viwango vya mwanzo iliwekewa ukomo wa shilingi 400,000 kwa nyumba kwa mwaka kutoka SHIF, na 150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa mahututi. Ni fedha nyingi, lakini mgonjwa anayehitaji mionzi, dawa za mshipa na upasuaji huzimaliza kabla mwaka haujaisha.

Familia ile ya Kongowea ina njia nyingine pia. Kutolipa bima na kutegemea harambee ndiyo njia ya wengi, na sitaidharau, kwa sababu imeokoa watu. Namba ya simu inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, ndugu walio Nairobi na Uarabuni wanatuma, bili inapungua. Lakini harambee huja baada ya ugonjwa, si kabla, na humpa zaidi mwenye ndugu wengi wenye kazi. Mgonjwa wa pili katika ukoo mmoja ndani ya mwaka mmoja hukuta mifuko imekauka. Na yule ambaye jamaa zake wote ni maskini kama yeye hana wa kumtumia ujumbe.

Bima za kampuni binafsi ziko za namna mbili. Zile kamili, zinazokubaliwa hospitali nzuri, huanzia makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwaka kwa familia. Kwa msomaji ninayemwandikia leo hizo tuziweke kando. Nyingine ni bima ndogo zinazouzwa kwa simu, za bei nafuu, ambazo hukupa fedha taslimu kwa kila usiku uliolazwa. Ni nzuri kwa nauli, chakula na kufidia siku ulizokosa kazi, lakini hazilipi upasuaji wala mashine. Zichukue juu ya SHIF, usizichukue badala yake. Na kabla ya kulipa, uliza ni usiku wa ngapi ndipo malipo yanaanza.

Ipo pia Lipa SHA Pole Pole, iliyotangazwa 2025. Unakopeshwa mchango wa mwaka, bima yako inalipwa, nawe unarejesha kidogo kidogo, kila siku, kila wiki au kila mwezi. Kwa mtu ambaye pesa yake inaingia kwa siku, wazo ni zuri na limechelewa. Lakini ni mkopo. Uliza jumla utakayorejesha hadi mwisho, uilinganishe na mchango wenyewe, kisha uamue.

Njia ninayoipenda zaidi ya zote ni chama. Wanawake wengi tayari wako katika chama cha kuzungushiana pesa. Chama cha watu 12 kikichanga shilingi 300 za ziada kila mwezi kutoka kwa kila mmoja, kinapata 3,600, ambazo ni mchango wa mwaka mzima wa nyumba moja katika kiwango cha chini. Kila mwezi nyumba moja inalipiwa. Mwaka ukiisha, nyumba zote 12 zina bima, bila riba, na hakuna aliyetoa mtaji wake wote sokoni kwa siku moja. Wa kwanza kulipiwa awe mjamzito au mwenye mgonjwa nyumbani. Wengine wapigiwe kura. Kwa waliokadiriwa juu zaidi, mwenye zamu aongeze tofauti yake mwenyewe. Sijaona mpango wa serikali unaoushinda huu kwa urahisi.

Hapa nizungumze na wajawazito hasa, kwa kuwa mambo yao yamebadilika na wengi hawajajua. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wakizuiliwa wodini na watoto wao wachanga kwa sababu ya bili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa hivyo katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ikasema haki zao zilikiukwa. Mpango wa kujifungua bure baadaye ukawa Linda Mama chini ya NHIF, na mjamzito hakuhitaji kuchanga chochote. Chini ya SHA kujifungua kumewekwa ndani ya SHIF. Maana yake, mchango wa mwaka wa nyumba yako uwe umelipwa. Kliniki ya ujauzito inaendelea bure katika zahanati, na hapo ndipo mtego ulipo: mama anahudhuria kliniki miezi yote bila kulipa, anaamini na kuzaa kutakuwa hivyo hivyo, kisha uchungu unamfikisha kwenye dirisha la malipo. Muuguzi wa kliniki anapaswa kumwambia mama jambo hili katika ziara ya kwanza. Kama hajakuambia, wewe muulize. Una miezi kadhaa ya kuweka akiba ya mchango huo kidogo kidogo.

Na asiyeweza hata hiyo 300? Sheria inawatambua wasio na uwezo, na inaitaka serikali iwalipie. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba itawalipia mchango watu milioni 2.2 wasiojiweza. Idadi hiyo haitoshi kwa nchi yenye umaskini kama wetu, lakini ipo, na nafasi hizo hazimfikii mtu asiyesajiliwa. Mzee asiye na simu, asiyejulikana katika mfumo, hawezi kuonekana kuwa maskini, haonekani kabisa. Wazazi wako nao hawaingii katika bima yako kwa kuwa tu unawatumia pesa kila mwezi. Wao ni nyumba yao. Wasajili kwa vitambulisho vyao wenyewe, wajibu maswali yao wenyewe, na kama unaweza, walipie.

Jirani zetu wamepita njia tofauti, na bei zao zinafaa kutazamwa. Tanzania, kupitia Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulioboreshwa tangu 2018, ilitoza kaya ya hadi watu sita shilingi 30,000 za Tanzania kwa mwaka katika sehemu kubwa ya nchi, kama 1,500 zetu. Ni nafuu kuliko kiwango chetu cha chini, ila huduma zake ni chache zaidi, na nchi hiyo ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote 2023 ili kuziba mapengo. Rwanda kwa miaka mingi ilitoza faranga 3,000 kwa mtu wa kipato cha chini na cha kati, huku wale maskini kabisa wakilipiwa na serikali. Mgonjwa aliongeza faranga 200 kituo cha afya na asilimia 10 hospitali. Familia ya watu watano ililipa faranga 15,000, kiasi kisichozidi shilingi 1,500 zetu. Tofauti kubwa ninayoiona haiko kwenye bei peke yake. Nchini Rwanda, kijiji kinajua nani amelipa na nani hajalipa kabla mwaka wa bima haujaanza mwezi Julai, na viongozi wa kijiji huulizwa. Kwetu, habari hiyo mtu huipata hospitalini.

Ndiyo maana nasema kampeni ya SHA ilianza vibaya. Mabango na hotuba zilihesabu waliojisajili, idadi ikatangazwa kila wiki kama matokeo ya uchaguzi, na mwananchi akaelewa kwamba kujisajili ndiyo mwisho wa safari. Matangazo machache yalisema waziwazi: hiki ni bure, kile kinalipiwa, na bei yake ni hii. Redio za lugha za nyumbani, maimamu na wachungaji, machifu katika baraza zao, walimu siku za wazazi, hao wangelisema kwa sentensi tatu na watu wangeelewa. Sijui kwa nini pesa nyingi ziende kwenye mabango ya Kiingereza barabarani wakati mama wa Kwale au wa Turkana anasikiliza redio akiwa shambani au malishoni.

Ukifika hospitali na mgonjwa, yapo maswali manne ya kuuliza kabla ya kutia sahihi popote. Hospitali hii ina mkataba na SHA kwa huduma ninayohitaji, si kwa huduma nyingine tu? Bima yangu inaonekana hai kwenye mfumo wenu? Kuna tofauti nitakayolipa mimi, na ni kiasi gani? Na kama mgonjwa ni wa kwenda na kurudi, huduma hii iko chini ya hazina ipi katika ngazi hii? Mfumo ukiwa umekwama, jambo ambalo hutokea, omba waandike kwamba umefika na muda uliofika. Na ikiwa ni dharura, mtu ameanguka, anavuja damu, hapumui vizuri, Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakuna hospitali yenye ruhusa ya kuuliza SHA kwanza.

Uamuzi wangu kwa familia ile ya Kongowea, na kwa familia iliyo kama hiyo popote nchini, ni huu. Kujisajili kufanyike leo. Hakuna hoja ya kukuzuia. Kama mtatoa 3,600 au 6,600 kwa mwaka, bila kujinyima chakula, lipeni SHIF kabla ya kufikiria bima nyingine yoyote, hata kama huduma bado zina mapungufu, kwa sababu hakuna mahali pengine kwa bei hiyo mtakapolindwa na bili ya upasuaji. Kama kutoa kwa mkupuo hakuwezekani, peleka hoja ya shilingi 300 kwenye chama chako mkutano ujao. Na kama hata 300 hakuna, sajili, jibu maswali, kisha uliza kwa mhudumu wa afya wa mtaa jinsi ya kuingizwa katika orodha ya wanaolipiwa na serikali.

Jioni ya leo, chukua simu, piga *147#, hakikisha jina lako, la mwenzi wako na la kila mtoto yamo, na uone kama mchango wako uko hai na unaisha lini. Kisha vuka njia uende kwa yule jirani mzee anayeishi peke yake, umfanyie vivyo hivyo kwa kitambulisho chake.